Kidonda cha Kifundoni, Chanzo cha Pajani



Ngozi ya upande wa ndani wa kifundo cha mguu huanza kubadilika polepole. Inakuwa nyeusi, ngumu, inawasha. Siku moja mgonjwa anajikuna, au anajigonga kwenye chaga ya kitanda, na kidonda kinachoanzia hapo kinakaa miaka. Mtaani wanakiita kidonda ndugu. Bandeji zinabadilishwa, antibayotiki zinamezwa, asali inapakwa, kumbe kinacholisha kidonda hicho mara nyingi ni vena iliyovimba pajani.

Damu ya miguuni hupandishwa na misuli ya kigimbi, na vali ndogo ndani ya vena huizuia isirudi. Hieronymus Fabricius wa Padua alichapisha michoro ya vali hizo mwaka 1603. Zikilegea, damu hushuka kila mtu anaposimama. Vena hujaa na kujipindapinda, na shinikizo hilo huila ngozi.

Kwa muda mrefu wa karne ya 20 tulipasua kinenani, tukaifunga vena hiyo ya pajani iliyovimba na kuing'oa hadi usawa wa goti. Hatukupenda kushuka zaidi, kwa sababu huko inaandamana na neva ambayo ikijeruhiwa ngozi hufa ganzi. Njia hiyo bado inafaa. Ila penye vifaa, waya mwembamba wa leza au wa mawimbi ya redio hupitishwa kwenye tundu la sindano, ultrasaundi ikiuongoza. Dawa ya ganzi, ikiwa imechanganywa na maji mengi ya chumvi, hudungwa kuizunguka vena yote: inaondoa maumivu na kuikinga nyama ya jirani na joto. Vena huungua kwa ndani, ikajifunga. Mgonjwa yu macho, na jioni yuko kwake.

“Sasa damu itapita wapi, daktari?” Swali la haki kabisa. Itapita kwenye vena za ndani, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa tangu mwanzo. Ndiyo maana tunahakikisha kwanza kuwa ziko wazi.

Kinachonisumbua ni mapenzi ya ndugu baada ya tiba hiyo, wanaomlaza mgonjwa wiki nzima asikanyage chini. Atembee siku hiyohiyo! Kulala tu huialika damu kuganda. Mvilio wa damu kwenye ngozi na kamba ngumu pajani vitaisha vyenyewe. Kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi ikikata, arudi hospitali mara moja.

Mwaka 2018 Uingereza ilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 450 wenye vidonda vya aina hii. Wote walifungwa bandeji za kubana. Waliotibiwa vena mapema, nusu yao walipona ndani ya siku 56; waliocheleweshewa, siku 82. Kwa hiyo naziomba kliniki zetu za vidonda: kabla ya kufunga bandeji nyingine, mpapaseni mgonjwa mapigo ya damu ya unyayo, kwani penye ateri iliyoziba bandeji ya kubana hudhuru. Kisha msimamisheni, mkague mguu mzima hadi kinenani, na mwandikieni ultrasaundi ya vena.