Sindano Mbili na Nyuzi za Rangi Ishirini

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme juu ya utumishi serikalini. Namwomba radhi Ndugu Mwenyekiti; nitasema juu ya kufuma sweta. (Kicheko.)

Yuko bwana mmoja, Kaffe Fassett, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1937. Alipata nafasi ya kusomea sanaa Boston, akaiacha baada ya miezi michache, akaenda Uingereza kuchora picha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alitembelea Scotland pamoja na mbunifu wa mavazi, Bill Gibb. Katika kiwanda cha sufu huko Inverness akakuta nyuzi zenye rangi zile zile za milima aliyokuwa akiitazama njiani. Akanunua vibonge ishirini na sindano za kufumia, na kufuma hajui! Somo la kwanza alifundishwa na mama mmoja, msafiri mwenzake, ndani ya gari moshi la kurudi London.

Mfumo wake ni mwepesi. Ufundi wote umo katika rangi. Hatii nyekundu moja. Hutia nyekundu nyingi zinazokaribiana, hata sweta ikaonekana kama inapumua. Michoro yake huitoa katika vyombo vya Kichina na mazulia ya Kituruki. Hata kabichi amezidarizi kwenye mito ya viti. Mwaka 1988 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilionyesha kazi zake. Kabla yake hapakuwa na msanii wa nguo aliye hai aliyepewa maonyesho ya peke yake humo.

Sasa nije nyumbani. Mwaka 1996, katika baridi ya Julai mnayoijua, mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alikuwa akifuma sweta bwenini kwa spoku za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Nyuzi alizipata kwa kufumua sweta kuukuu tatu. Mimi nilikuwa kiranja. Nilimnyang'anya mbele ya bweni zima, nikamwita "Mama Sweta", na jina likamganda mpaka akamaliza shule. Kazi ilikuwa imeshafika kwapani. Hakufuma tena.

Miaka kadhaa baadaye, katika maktaba ya chuo kikuu, nilifungua kitabu cha Fassett nikitafuta jambo jingine kabisa. Nikaikumbuka ile mistari ya kijani na kahawia, jinsi ilivyokuwa imepangwa. Nikakifunga.

Mwezi uliopita nilimpigia simu kumwomba msamaha. Alicheka, akasema baridi ya mwaka ule anaikumbuka kuliko jina. Leo hakuja.

Nimeleta jozi thelathini za sindano na katoni mbili za nyuzi. Ziko kwa Mwalimu Mkuu. Viranja nimekwisha sema nao.