Ruhusa Ndefu ya Kazi na Safari ya Hiari Katika Nchi za Kigeni



Nimetakiwa nizungumze katika semina hii, mbele ya walimu wenzangu na watumishi wa idara mbalimbali, juu ya jambo ambalo katika ofisi zetu hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni tamaa isiyomstahili mtu mzima mwenye mshahara na watoto. Nalo ni kuiweka kazi kando kwa muda, miezi sita au mwaka, ili mtu azitembelee nchi za watu kwa masurufu yake mwenyewe na kwa njia aliyoichagua mwenyewe, pasipo kutumwa na yeyote. Nasema mapema, nisije nikadhaniwa vingine, kwamba sikuja kumshawishi mtu aandike barua ya kuacha kazi. Nimekuja kuonyesha kwamba kwa raia wa nchi zetu, mwenye pasipoti kama yangu na yenu, kazi aliyoiacha nyumbani ndiyo imfunguliayo mipaka ya ugenini, na kwa hiyo litupasalo kulitafuta ni ruhusa iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Hakuna awezaye kusema kwamba sisi si wasafiri. Ndege ziondokazo Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hujaa watu wetu: yuko aendaye masomoni, yuko aendaye Makka kutimiza faradhi, yuko apelekwaye India kwa matibabu, yuko aendaye Dubai au Guangzhou kununua bidhaa, na yuko mtumishi aliyeitwa mkutanoni, ambaye nauli, hoteli na posho vimekwisha kutayarishwa kabla hajafunga sanduku lake. Safari hizi zote zina heri yake, wala sizidunishi. Lakini katika kila moja liko jambo lililotangulia kumpangia msafiri siku zake, na mji aliofikia huuona kwa kadiri ya nafasi iliyobaki baada ya jambo hilo kutimizwa. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wa Kijerumani aitwaye Bumiller hata Urusi na nyika za Siberia, na habari yake ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika mkusanyo wa safari uliotengenezwa na Carl Velten. Ni habari ya mtu mwenye jicho kali, na kila nikiisoma hujiuliza angetuandikia nini zaidi lau siku ya kuondoka na siku ya kukaa zingekuwa mkononi mwake, maana alikwenda kwa sababu bwana alikwenda, na bwana alipogeuka naye aligeuka.

Safari ya hiari ina mfano mwingine, mkubwa na wa zamani zaidi, uliogusa pwani yetu wenyewe. Ibn Battuta alitoka Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21 aliyesoma fikihi, akinuia kuhiji. Nia ile ilipotimia hakurudi kwao, bali aliendelea na njia, na mwaka 1331 akashuka pwani yetu kutoka Mogadishu hata Mombasa na Kilwa, ambako alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman na kuusifu ukarimu wake. Watu humkumbuka kwa umbali wa mwendo wake, na aghalabu husahau kwamba elimu yake aliichukua pamoja na mzigo wake: Delhi alifanywa kadhi chini ya Muhammad bin Tughluq, na katika visiwa vya Maldivi akawa kadhi tena. Kwa hiyo hata huyu, ambaye husimuliwa kama aliyekata kamba zote, alikuwa na kazi iliyomtambulisha kwa wenyeji, na kila alikofika palikuwa na watu walioweza kuipima na kuikubali.

Nawaomba pia mkumbuke jinsi dunia ya mababu zetu wa pwani ilivyokuwa na muda wa kungoja ndani ya kazi yenyewe. Nahodha aliyeshuka na kaskazi kutoka Maskati, Sur au Kuwait, jahazi lake limejaa tende na chumvi na papa, alifika kwetu kati ya Desemba na Machi, na hakuweza kurudi kwao na boriti zake mpaka maleleji yapite na kusi ishike. Miezi ile ya kungoja haikuwa kosa la mtu wala uvivu. Pepo ndizo zilizoamuru, na tajiri aliyebaki bara Arabu alizihesabu katika biashara yake tangu mwanzo. Katika miezi hiyo mgeni alijifunza lugha, alikula na wenyeji, alisali nao, aliposa, na mara nyingine alizika. Na sehemu kubwa ya ustaarabu tunaojivunia leo katika miji ya Lamu, Mombasa na Unguja ilifumwa na watu ambao shughuli yao ilikuwa imesimama kwa muda. Injini ilipokuja ikaiondoa amri ya pepo, na hapana sheria iliyowekwa badala yake.

Tutazame sheria tulizo nazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania humpa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Ile ya Kenya ya mwaka 2007 humpa siku 21 za kazi. Hizi ni siku za kwenda kuwatazama wazee, kusimamia ujenzi wa nyumba na kuhudhuria harusi, wala hazikukusudiwa kuwa zaidi ya hayo. Mtu akipanda treni ya TAZARA pale Dar es Salaam, aziandame zile kilomita 1,860 hata Kapiri Mposhi, atakuwa ametumia siku mbili au zaidi, na hapo hajauona hata mji wa Lusaka; akitaka kuendelea kwa basi mpaka Harare, Bulawayo na Johannesburg, kisha arudi kwa njia ya Msumbiji, kila mahali akikaa muda wa kutosha kujua watu wanakula nini na wanagombania nini, likizo yake itakwisha njiani. Ufaransa waliliona jambo hili, na kwa sheria ya mwaka 1984 wakaanzisha likizo ndefu isiyo na mshahara, ambayo kwa kawaida haipungui miezi 6 wala haizidi 11: aliyekwisha kutumikia muda uliowekwa huiomba, mwajiri aweza kuiahirisha kwa sababu za kazi, na mwenye likizo akirejea hupewa kazi yake ileile au nyingine ya daraja hiyo, kwa ujira usiopungua ule wa kwanza. Naitaja sheria hii kwa kuwa imetazama pande mbili, haki ya kuondoka na haki ya kurudi, ilhali kwetu ruhusa ya namna hii, pale ipatikanapo, hutegemea zaidi huruma ya mkubwa aliyepo siku ile.

Na kurudi huku, ambako kwa Mfaransa ni suala la mkate wake, kwetu sisi ni suala la safari yenyewe. Mtanzania huingia Zambia, Malawi, Zimbabwe au Afrika ya Kusini pasipo kuomba viza kwanza, na hilo ni tunda la ujirani tusilolithamini vya kutosha. Lakini akitaka kuvuka kwenda Ulaya, katika nchi za mapatano ya Schengen, atatakiwa aonyeshe taarifa za benki, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, mahali atakapolala, na dalili kwamba ana jambo la kumrudisha kwao. Nilipoomba viza katika ubalozi mmoja nisioutaja, karani hakuanza na fedha zangu. Aliuliza barua ya mwajiri. Ilikuwapo, na ilisema kwamba niko katika ruhusa na kwamba nafasi yangu inaningoja; aliisoma mara mbili, akaipiga muhuri, ndipo mengine yakafuata. Kijana aliyekuwa mbele yangu katika foleni, aliyeacha kazi kwa moyo mkunjufu ili asafiri, alikuwa na fedha kuliko mimi, akakataliwa. Nilimwonea uchungu, na hata sasa naona kwamba hakutendewa haki, kwa maana mwenzake wa umri ule kutoka Ulaya, aliyeacha kazi vilevile, hushuka kwetu, akalipa ada ya viza na kuingia. Lakini ndivyo milango ilivyo, na mwenye kufanya safari lazima aijue.

Kwa hiyo mpango wa safari nao hubadilika. Viza ya Schengen ya muda mfupi huruhusu siku 90 katika kila siku 180, huombwa katika nchi mtu anakokaa kisheria, na haiombwi zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Hivyo ni shida kuitafuta ukiwa njiani, na nchi za viza ngumu zafaa kuwekwa mwanzo, zile za jirani zikafuata. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, maana cheti chake huanza kufanya kazi baada ya siku 10, ingawa tangu mwaka 2016 kikishatolewa hudumu maisha. Na viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi ya ujira, basi asidanganyike na habari za Ibn Battuta.

Yupo Mwafrika mmoja aliyesafiri bila barua yoyote ya mwajiri, nami humfikiria kila nikizungumza haya. Tété-Michel Kpomassie wa Togo, akiwa kijana, aliona kitabu juu ya Greenland katika duka la Lomé, akatoroka kwao asije akawekwa wakfu katika ibada ya chatu, akapanda polepole kupitia Ghana, Senegali, Ufaransa, Ujerumani na Denmark, akifanya kazi kila kituo, hata akafika Greenland mwaka 1965, baada ya miaka kama minane. Kitabu alichokiandika, kilichotoka mwaka 1981, kinaonyesha jinsi watu wa barafu walivyompokea katika nyumba zao, na jinsi alivyowatazama pasipo kuwadharau wala kuwapamba. Namheshimu mno mtu huyu. Lakini miaka minane si muda anaoweza kuutoa mama wa watoto watatu au mwalimu mwenye mkopo unaokatwa mshaharani.

Hapo ndipo penye uzito wa kweli. Mshahara ukisimama, mkopo hausimami, wala ada za shule, wala mzee aliyezoea kupokea chochote mwisho wa mwezi. Michango ya pensheni nayo husita, na kwetu pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180. Anayeazimia safari hii na aanze kwa kumaliza deni, na aiambie familia yake mwaka mmoja kabla, kwa kuwa jamaa wasipoambiwa watadhani amefukuzwa. Wanawake wana mzigo mwingine juu ya huo. Mwenzetu mmoja alipotaja nia yake nyumbani, hakuulizwa atakwenda wapi, aliulizwa atakwenda na nani. Sioni kwamba swali hilo ni la kudharauliwa, maana lina mapenzi ndani yake na hofu isiyo ya bure. Alilijibu kwa kusafiri na shoga yake, na kwa kupiga simu nyumbani kila Ijumaa, na baba yake ambaye alikuwa mkali kuliko wote ndiye aliyekuwa akiwasimulia majirani habari za Luangwa na maporomoko ya Zambezi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, pendekezo langu kwa vyama vya wafanyakazi vilivyowakilishwa hapa ni kwamba katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa hali bora kiingizwe kifungu cha likizo ndefu bila malipo: kwamba mtumishi aliyetumikia miaka isiyopungua mitano aweze kuiomba, kwa taarifa ya miezi sita, ili shule au ofisi ipate mtu wa kushika nafasi yake, kwamba mwajiri aweze kuiahirisha mara moja tu, kwa sababu iliyoandikwa, kwamba mtumishi aruhusiwe kuendelea kuchangia mwenyewe bima ya afya, akitaka, na kwamba barua ya ruhusa itaje bayana tarehe ya kurejea na cheo atakachokirudia, iwe na muhuri, na zitolewe nakala halisi mbili, moja ya jalada na moja ya kuchukua ubalozini.