Mwanagenzi na Siri ya Chama



Usiku wa tarehe 2 Februari 2017, Timothy Piazza, kijana wa miaka 19 aliyesoma Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, alikuwa akiingizwa katika chama cha wanafunzi kiitwacho Beta Theta Pi. Alinyweshwa pombe mfululizo, akaporomoka ngazini. Kamera za nyumba ile zilimnasa kijana mmoja wa chama akiwasihi wenzake waite msaada, akasukumwa. Msaada uliitwa baada ya kupita karibu saa 12. Timothy alifariki tarehe 4.

Huyo aliyesukumwa ndiye anayenishughulisha leo. Hatari aliiona. Tatizo lake ni kwamba aliomba ruhusa kwa watu walewale ambao wangeulizwa kwa yaliyotokea.

Watetezi wa vyama hivi husema mateso ya kuingizwa ni jando tu. Sikubali. Jando lina ngariba na makungwi, watu wazima wanaojulikana kwao, na mtoto akidhurika watatafutwa. Nyumba ya chama huendeshwa na vijana wa miaka ishirini na kidogo, na aliyeteswa mwaka jana ndiye mtesaji wa mwaka huu. Aliyewahi kuitwa njuka Tanzania au mono Kenya, akiwa mwanafunzi mgeni wa sekondari, anaifahamu hamu hiyo ya kungoja zamu.

Basi mwanagenzi afanye nini? Kujitoa hakuhitaji kibali cha mtu. Atapoteza marafiki, pengine na malazi, na wale wakubwa wa chama ambao wangemfungulia milango ya kazi. Hasara hiyo ni ya kweli, lakini ni yake peke yake. Kuripoti ni kwa ajili ya watakaoingia mwakani, na huko ndiko kwenye uzito. Mwaka 2012 Andrew Lohse, mwanafunzi wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, aliandika katika gazeti la wanafunzi juu ya mateso ya kuingizwa katika chama chake. Chuo kikamfungulia mashtaka ya nidhamu yeye pia, kwa kuwa alishiriki. Anayesita baada ya kusikia hayo, mimi simwiti mwoga.

Sheria zimesogea kidogo. Ile ya jimbo la Pennsylvania ya 2018, yenye jina la Piazza, humkinga anayepiga simu ya msaada na kubaki na mgonjwa. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya Desemba 2024 inavitaka vyuo vitangaze vyama vilivyopatikana na hatia ya mateso hayo.

Rai yangu: jitoe kwanza, hifadhi ujumbe na picha, kisha ripoti ukiwa nje. Ila mtu akishalala hajitambui, hakuna la kupima, piga simu.

Nanyi wakuu wa vyuo, kijana akija ofisini kwenu kuripoti, msianze kwa kumuuliza kama naye alikunywa.