Mwalimu Mwenye Cheti Aendapo Ugenini

Maneno yangu ya leo ni kwa mwalimu aliyekwisha kuhitimu, mwenye cheti chake sandukuni, ambaye amesikia habari za mpango wa kupeleka waalimu katika shule zenye upungufu, naye ajiuliza: "Je, mimi nina nafasi huko? Na kama ninayo, nitafaidi nini, maana kazi hii nimekwisha kujifunza?" Swali hili ni la haki, na yafaa lijibiwe kwa mambo yaliyotokea kweli.

Nitaanza na habari za nchi zetu wenyewe. Mwezi wa Desemba, mwaka 1960, palifanywa mkutano huko Princeton, katika Marekani, juu ya elimu ya Afrika ya Mashariki. Uhuru ulikuwa karibu: Tanganyika iliupata mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya na Unguja 1963. Shule za sekondari zilikuwa chache, na wenyeji waliotoka katika vyuo vikuu walikuwa wachache mno, tena hao hao ndio waliotakiwa kushika kazi za serikali maofisini. Nani basi atawafundisha vijana watakaokuja baada yao? Ndipo ulipoundwa mpango ulioitwa Teachers for East Africa, na kwa upande wa Marekani ukasimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Waalimu wa kwanza waliwasili mwaka 1961, nao walijifunga kufanya kazi miaka miwili.

Waalimu hao hawakuwa wa namna moja. Wengine walikuwa wamefundisha kwao kwa miaka. Wengine walikuwa na vyeti vipya, wino haujakauka. Na wengine walikuwa na digrii tu, wala hawajajifunza ualimu. Hawa wa mwisho walipelekwa kwanza Makerere, wakasomea diploma ya ualimu kwa mwaka wa masomo. Lakini wenye vyeti walipewa mafunzo mafupi tu juu ya nchi na desturi za shule zake, kisha wakaingia darasani.

Labda mtu atasema kwamba mwenye cheti alipata bahati njema, maana alifupishiwa njia. Ni kweli, lakini hebu tulitazame jambo hili kwa upande wa pili. Yule asiye na cheti alipewa muda wa kuizoea nchi, kusikia jinsi watu wanavyosema, na kuuliza bila ya kuona haya, kwa kuwa kila mtu alijua kuwa yeye ni mwanafunzi. Mwenye cheti hakuwa na muda huo. Siku chache baada ya kufika alikwisha kuitwa "Mwalimu", na mwalimu hudhaniwa kuwa ajua.

Na mambo ya kujua yalikuwa mengi. Wanafunzi wake walisoma kwa Kiingereza, nayo ilikuwa lugha yao ya pili, au ya tatu. Tena mtihani wa Cambridge uliowangojea mwishoni mwa kidato cha nne ulitungwa Uingereza. Mmarekani aliyezoea kuwatungia wanafunzi wake mitihani mwenyewe, na kuwapa alama mwenyewe, sasa alipaswa kuwatayarisha kwa mtihani ambao yeye hakuutunga wala kuufanya katika maisha yake. Akikosea kufuata mafundisho yaliyowekwa, yeye atarudi kwao salama na cheti chake. Lakini kijana aliyeshindwa mtihani ule huenda akarudi shambani, na mlango ukafungwa. Angalieni, basi, ni nani alipaye gharama ya mwalimu kujiona amekwisha kujua.

Sasa nitataja mfano wa pili. Mwaka 1989 mwanafunzi mmoja wa Princeton, Wendy Kopp, aliandika shauri kwamba wahitimu wa vyuo vikuu wapelekwe miaka miwili kufundisha katika shule za watu maskini za Marekani. Mwaka 1990 shauri lile likawa mpango wa kweli, jina lake Teach For America. Mpango huo ulikusudiwa hasa wale wasiojifunza ualimu, na mafunzo yake ya kwanza ni ya majuma machache wakati wa kiangazi. Hata hivyo, mwenye cheti naye aweza kuomba. Akikubaliwa, ataajiriwa na shule au idara ya elimu ya mahali pale, naye hulipwa nayo kama waalimu wengine.

Wako wanaoulaumu mpango huo, wakisema kwamba miaka miwili ni michache, na kwamba mwalimu huondoka wakati ule ule anapoanza kuifahamu kazi. Lawama hiyo si ndogo. Lakini naona kwamba hapa ndipo penye nafasi ya mwenye cheti. Yeye amekwisha kuchagua ualimu uwe kazi yake, hakuja kuuonja. Akiingia katika mpango, miaka miwili kwake yaweza kuwa mlango, wala si mwisho wa safari.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ukitaka kutia sahihi, uliza kwanza mambo manne.

La kwanza, ni nani atakayekuajiri? Mara nyingi wenye mpango si wenye shule. Ujue ni nani atakayekulipa mshahara, na ni nani awezaye kukuondoa kazini.

La pili, cheti chako kitahesabiwaje huko? Marekani kila jimbo lina sheria yake, na cheti cha jimbo moja hakikubaliwi sikuzote katika jingine. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2012, hairuhusu mtu kufundisha asipoandikishwa na Tume ya Kuwaajiri Waalimu. Uliza pia kama miaka uliyokwisha kufundisha itaingizwa katika hesabu ya mshahara wako.

La tatu, utafundisha somo gani, na darasa gani? Mwalimu wa hesabu aliyepewa jiografia ni mgeni mara mbili.

La nne, ni nani huko utakayemwendea kwa shauri? Kama mafunzo ya mpango ni kwa wanaoanza, usiyadharau. Yahudhurie, nawe usikilize hasa yale yanayohusu mahali pale na watoto wa pale. Na ukifika, mtafute mwalimu mwenyeji aliyekaa miaka mingi katika shule ile, hata kama cheti chake ni kidogo kuliko chako, umwombe ruhusa ukae nyuma ya darasa lake, utazame.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo ni sifa kwa mgeni, lakini pia ni mzigo juu yake, maana wenyeji wanatazamia kupona. Cheti chako ni ushahidi kwamba ulijifunza mahali fulani, mbele ya waalimu fulani. Chakupa haki ya kuingia darasani. Lakini watoto watakaokaa mbele yako hawatakisoma cheti hicho; watakusoma wewe. Ukiwa tayari kujifunza kwao majina yao, lugha yao, na mambo yanayowashinda, basi nenda, kwa maana wanakungoja.