Tukinunua, Kibaki Chetu
Maneno ya kamati ya vijana na vifaa mbele ya mkutano mkuu

 

Mulitutuma tutazame jambo moja kabla ya kupiga kura: makuta yaliyowekwa kwa chumba cha vijana tununulie nini? Vijana wanataka mashine mpya ya gemu. Wazazi wengine wanasema gemu ni kupoteza wakati, afadhali kompyuta. Sisi tunaleta ulizo lingine, linalotangulia hayo mawili: kitu tutakachonunua, kitabaki chetu kweli?

Sisi tuliorudi kutoka kambi za Tanzania tunaijua shida hii kwa upande wa mashamba. Mtu anavuka ziwa, anafika kijijini, anasema shamba hili ni langu, na majirani wote wanakubali kwamba ni lake. Lakini mwingine ndiye analima. Kuitwa mwenye mali ni kitu kimoja, kuweza kuitumia ni kitu kingine. Kwa vifaa vya siku hizi mambo ni vile vile.

Tutoe mfano. Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa inayoitwa Ubisoft ilitoa gemu ya magari, The Crew. Watu waliilipia kama vile mtu analipia baiskeli. Lakini gemu ile, hata ukicheza peke yako, ilikuwa lazima iongee kwanza na mashine za kampuni, zile zinazoitwa sava. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2024 kampuni ikazima sava. Siku ile gemu ikaacha kuchezeka. Mwenye diski mkononi amebaki na diski tu.

Si gemu peke yake. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell ndani ya vifaa vya kusomea vya watu waliokuwa wamevinunua, juu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Makuta yalirudishwa, ndiyo. Lakini ni nani kati yetu anaweza kukubali muuza vitabu aingie nyumbani usiku, achukue kitabu mezani, aache franga?

Wenzetu wa Ulaya hawakunyamaza. Walianza kukusanya sahihi mwaka 2024, na kufika mwezi wa saba 2025 walikuwa wamepita milioni moja, kiasi ambacho Umoja wa Ulaya unadai ili ombi la raia lichunguzwe. Kule California, Marekani, tangu mwanzo wa 2025 sheria inamlazimisha anayeuza gemu au filamu kwa intaneti aseme wazi kama mnunuzi anapata ruhusa ya kutumia tu.

Tuseme haki ya upande wa pili pia. Sava inakula umeme na mishahara, na wachezaji wanapungua kila mwaka. Hakuna anayedai kampuni ilipe milele. Wale wa Ulaya wanaomba hivi: siku munapofunga, muache gemu katika hali ya kuchezeka bila ninyi. Na jambo hilo linawezekana, juu mwezi wa tisa 2024 Ubisoft yenyewe iliahidi kuweka namna ya kucheza bila intaneti katika gemu mbili zilizofuata The Crew.

Sasa turudi hapa kwetu. Huku umeme ni solari, na intaneti ni mega tunazonunua kidogo kidogo. Chumba cha vijana kinaleta makuta, na makuta yale yanaingia katika sanduku la misiba na wagonjwa. Kwa hiyo mashine ikikataa kufunguka, hasara haiko kwa mtoto aliyetaka kucheza mpira wa kwenye televisheni. Hasara iko kwa mama atakayekuja hapa na jeneza la kulipia.

Tuliwahi kupokea tableti za zawadi, nzuri, bila mkwaruzo. Kuziwasha, zikauliza neno la siri la mwenyewe wa kwanza. Mwenyewe hapatikani. Zimo katika kabati mpaka leo. Aliyezituma alikuwa na moyo mzuri, na ufunguo alibaki nao bila kujua.

Mashine mpya za gemu nazo zina mambo yao. Nyingine zinauzwa bila mahali pa kuweka diski. Gemu nyingi za diski zinadai kupakua sehemu kubwa kwa intaneti kabla hujaanza. Na Nintendo, katika mashine yake iliyotoka mwaka 2025, kuna gemu zinazouzwa katika kadi ambayo ndani yake gemu haimo. Kadi inatoa ruhusa ya kuipakua tu. Kinyume chake, PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2000 inasoma diski na kucheza, haimuulizi mtu wa mbali. Ikichoka jicho la kusomea diski, fundi anabadilisha.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali maulizo matatu kabla ya kununua au kupokea kitu chochote chenye umeme.

La kwanza: bila intaneti, kinafanya kazi? Tukijaribishe dukani, simu zote zikiwa zimezimwa, mbele ya mashahidi wawili. Maneno ya muuzaji peke yake hayatoshi.

La pili: akaunti iko kwa jina la nani? Kama kifaa kinalazimisha akaunti, iandikwe kwa jina la chama. Neno la siri liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na daftari la mweka hazina. Kijana anayesimamia chumba leo, kesho anaweza kuwa Bukavu au Kigoma. Akaunti isiondoke naye.

La tatu: kikiharibika, fundi wa hapa anaweza kukifungua? Betri inatoka? Chaja inapatikana sokoni?

Kwa wazazi wanaotaka kompyuta, tuna habari nzuri. Kuna programu zilizoandikwa na watu wakaziachia dunia nzima, ambazo sheria yake yenyewe inaruhusu kukopisha. LibreOffice ni ya kuandika barua na kupiga hesabu. Kiwix inafungua Wikipedia bila intaneti: unapakua mara moja mahali penye intaneti, unabeba katika fleshi, watoto wanasoma mwaka mzima. Na vijana wasinune, gemu zipo pia: SuperTuxKart ya mashindano ya magari inaingia hata kwenye kompyuta ya zamani kidogo. Hizi kampuni haiwezi kuzizima. Ukishakuwa na nakala, ni yako, na jirani akitaka unampa bila kuiba.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi dogo lisilowagharimu hata senti moja. Kabla ya kufunga katoni, toeni akaunti zenu ndani ya simu, tableti na kompyuta, kisha muirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Muiwashe tena muone kama inauliza jina lenu. Kama inauliza, bado ni yenu. Muweke chaja yake. Na kama munataka kutununulia gemu, tafadhali diski inayocheza yenyewe ni bora kuliko namba ya kupakulia.

Pendekezo letu ni hili: makuta yagawanywe. Sehemu moja inunue kompyuta mbili zilizotumika, ziwekewe programu huru. Sehemu nyingine inunue mashine moja ya gemu ya zamani ya diski, pedi za kuchezea za akiba, na diski ambazo tumezijaribu. Mashine mpya kabisa tungoje. Si juu ya kuwanyima vijana. Ni juu tunataka watakapokuja wadogo zao baada ya miaka kumi, wakikuta kitu kimeandikwa "mali ya chama", wakiwashe na kiwake.

Tumemaliza. Mwenye ulizo anyooshe mkono, halafu tupige kura.