Tahadhari Katika Kufunga Vifaa vya Ziada kwenye Gari Zenye Nguvu

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyokusudiwa watumishi wa Serikali na wakaazi wote wanaomiliki gari zenye injini ya nguvu, na hasa wale wanaonuia kuzibadilisha.



Miongoni mwa gari zilizotumika zinazoagizwa kutoka Japani, Subaru Impreza WRX ina wapenzi wengi. Gari hii ilianza kuuzwa huko mwaka 1992, ikiwa na injini ya lita 2 yenye turbo, na magurudumu yake yote manne huvuta. Sifa zake zilienea Afrika Mashariki kwa mashindano ya Safari Rally nchini Kenya, ambako timu ya Subaru ilishinda mwaka 1997 na tena mwaka 2000. Si ajabu basi kwamba kijana anayeipata hutamani kuifananisha na zile za mashindano. Tamaa hiyo si kosa. Lakini gari ya mashindano ina kundi la mafundi wanaoikagua kila inaposimama, na gari ya nyumbani hupeleka watoto skuli.

Linalopasa kufahamika mwanzo ni kuwa kila kifaa kilichomo garini kimepimwa kwa kuzingatia vyenziwe. Mfano ulio bora ni bomba la kuvutia hewa. Kulibadilisha huonekana kazi nyepesi: hutolewa sanduku la plastiki la chujio, likatiwa bomba pana linalong'ara. Gari hunguruma vizuri zaidi, na kwa siku chache mwenyewe huwa na furaha. Lakini ndani ya bomba la asili mna kihisio kinachopima hewa inayoingia, na kompyuta ya injini hukitegemea katika kuamua kiasi cha petroli. Kihisio hicho hakiipimi hewa yote. Hupima ile inayokigusa tu, kisha kompyuta huhesabu iliyobaki kwa sababu imekwisha kufundishwa upana wa bomba. Bomba likiwa pana zaidi, hewa hupita polepole mbele ya kihisio, nacho hutoa hesabu pungufu. Petroli inayotiwa haitoshelezi tena hewa iliyoingia.

Katika injini ya turbo upungufu huo ni hatari kubwa. Joto la mwako hupanda, na sehemu ya mchanganyiko hujiwasha yenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu. Mtu aliye makini husikia mgongo mdogo, kama changarawe ndani ya kopo. Wengi hawausikii, kwa kuwa ekzozi nayo imekwisha kubadilishwa na kelele imezidi. Mwisho wake pistoni hupasuka. Fundi anapoitwa huelezwa kuwa gari imekufa ghafla, hali ya kuwa ilikuwa ikifa kwa wiki kadhaa.

Kwa hivyo, anayebadilisha njia ya hewa au kuongeza msukumo wa turbo hana budi kompyuta ya injini irekebishwe upya, na kazi hiyo ifanywe na mjuzi mwenye chombo cha kupima moshi wa ekzozi wakati injini inafanya kazi nzito. Akikosekana mtu huyo, ni heri bomba la asili libakie. Ikumbukwe pia kuwa injini hizi ziliwekewa hesabu ya petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kipimo chake cha okteni hakipungui 96. Penye petroli ya kipimo cha chini, hata gari isiyoguswa huwa imebakiwa na nafasi ndogo ya usalama.

Kuna na ile vali inayopumua nje kwa mlio mkali kila dereva anapoachia mafuta. Hewa inayotupwa imekwisha kuhesabiwa, na petroli yake hutiwa vivyo hivyo. Gari hutoa moshi mweusi na kusitasita. Ni gharama kubwa kwa ajili ya mlio.

Upande wa magurudumu, makosa huwa ya hesabu. Tairi ya 205/55 R16, iliyokuwa ikifungwa kwenye baadhi ya gari hizo, ina kimo cha milimita 632. Anayepanda rimu ya inchi 17 kwa tairi ya 225/45 hupata milimita 634, na hapana kinachoharibika kwa tofauti hiyo. Akifunga 225/55 kimo hufikia milimita 679, na saa ya mwendo inapoonyesha kilomita 80, gari huwa inakwenda 86. Isitoshe, Subaru hutaka mzingo wa tairi zote nne usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Kununua tairi mbili mpya na kuziacha mbili zilizokwisha ni kuulazimisha mtambo wa kati unaogawa nguvu ufanye kazi bila kupumzika, hadi uungue. Matundu ya rimu nayo yapimwe: gari nyingi za WRX zina bolti 5 kwenye duara la milimita 100, na STI za kuanzia mfano wa 2005 zina milimita 114.3. Rimu isiyoingia kwa mkono isilazimishwe kwa spana.

Taa ndizo zinazoweza kuunguza gari. Balbu ya kawaida ya wati 55 huvuta ampea 4.6 kwa umeme wa volti 12. Ya wati 100 huvuta 8.3. Waya na swichi za asili hazikukusudiwa mzigo huo, na kubadilisha fyuzi kwa kubwa zaidi hakuzidishi unene wa waya. Panapotakiwa taa kubwa, au kikuza sauti cha muziki, umeme uchukuliwe kutoka kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi yake karibu na betri, na taa ziwashwe kupitia rilei. Viungo vya waya vifungwe visipitishe unyevu, kwani hewa ya chumvi ya visiwani huila shaba hata chini ya utepe.

Pedi za breki za mashindano zisifungwe kwenye gari ya mjini, kwa sababu hazishiki vyema mpaka zipate joto, na mtoto anayevuka njia asubuhi hazisubiri zipate joto hilo.

Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kabla ya mabadiliko, ili dai lisikataliwe baada ya ajali. Kifungwe kifaa kimoja kwa wakati, gari iendeshwe siku kadhaa, kisha ndipo kifuate kingine. Vikifungwa vitatu kwa siku moja, fundi hatajua kilicholeta hitilafu. Tarehe na kilomita ziandikwe daftarini. Vifaa vya asili visiuzwe, bali vihifadhiwe pakavu vikiwa vimeandikwa nambari ya chesisi, na siku gari inapouzwa vikabidhiwe kwa mnunuzi pamoja na daftari hilo.