Tiba ya Kupanga Meno na Ubora wa Maisha ya Mgonjwa



1. Utangulizi

Mgonjwa anapomaliza tiba ya kupanga meno, kwa kawaida tunaangalia picha za eksirei, nafasi ya taya na namna meno ya juu yanavyokutana na ya chini. Vipimo hivyo ni vya lazima, ila havituelezi kama sasa anang'ata muhindi bila shida au kama bado anaziba mdomo kwa kiganja kila akicheka. Hoja yangu ni kwamba tiba hii ipimwe pia kwa maisha ya aliyetibiwa, naye aelezwe ukweli wote kabla hajafungwa nyaya.

2. Nani anahitaji tiba?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu wanafunzi 1,601 wa Dar es Salaam wenye umri wa miaka 12 hadi 14, ulionyesha kuwa asilimia 63.8 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Haina maana kwamba wote hao wafungwe nyaya. Kasoro nyingine hazimsumbui mwenyewe hata kidogo. Mwanya, kwa mfano, vitabuni huhesabiwa kuwa kasoro, na kwetu ni sifa ya uzuri. Daktari anayeuziba bila kumuuliza mwenyewe anaweza kumwondolea kitu anachojivunia.

Wapo, hata hivyo, wenye shida ya kweli. Mtoto ambaye meno yake ya juu yamechomoza sana yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuyavunja akianguka. Mwingine meno yake ya mbele hayakutani, hivyo hukata chakula kwa meno ya pembeni. Mwingine hutaniwa darasani mpaka akaacha kunyoosha mkono kujibu swali.

3. Namna ya kupima

Zana zipo. Dodoso la OHIP-14 lina maswali 14 kuhusu maumivu, usumbufu na aibu vinavyotokana na kinywa. Kwa watoto kuna Child-OIDP, linalouliza kuhusu mambo manane: kula, kuzungumza, kusafisha kinywa, kulala, utulivu wa moyo, kutabasamu, kazi za shule na kuchangamana na watu. Dodoso hili limekwisha kutumika kwa Kiswahili kwa wanafunzi wa shule za msingi Dar es Salaam, kwa hiyo hatuna haja ya kuanza upya.

4. Wakati wa tiba

Hapa ndipo wagonjwa wengi hushtuka, kwa sababu maisha huwa magumu kwanza kabla ya kuwa mepesi. Maumivu huanza saa chache baada ya kufungwa nyaya, hufikia kilele siku ya pili hivi, kisha hupungua ndani ya wiki moja. Siku hizo mtoto hunywa uji na kula ndizi za kuponda, huku wenzake wakitafuna mihogo na miwa. Ncha ya waya huchoma shavu na kuacha kidonda. Chakula hunasa kwenye nyaya, na asiyepiga mswaki vizuri hutoka na madoa meupe kwenye meno, fizi nazo zikivimba. Safari hii mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, pamoja na nauli, ada na vipindi vya masomo anavyokosa.

5. Baada ya tiba

Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa baada ya nyaya kutolewa, alama za ubora wa maisha huwa bora kuliko kabla ya tiba, hasa upande wa kutabasamu na kujiona. Lakini tusiahidi kupita kiasi. Huko Cardiff, Wales, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 20, kuanzia mwaka 1981, watoto waliokuwa na umri wa miaka 11 na 12. Walipofika utu uzima, tiba ilikuwa imeboresha mpangilio wa meno ya waliotibiwa na kuridhika kwao nayo, lakini mchango wake katika afya ya akili na kujithamini ulikuwa mdogo. Kumwambia mzazi kwamba nyaya zitamfanya mwanawe ajiamini maisha yake yote ni kumpotosha.

6. Mapendekezo

(a) Mgonjwa ajaze dodoso kabla ya tiba, katikati na baada yake, na majibu yahifadhiwe kwenye faili lake.

(b) Mtoto aulizwe mwenyewe, si mzazi peke yake.

(c) Maumivu, gharama, muda na ulazima wa kuvaa kifaa cha kushikilia meno baada ya tiba vielezwe mapema, kwa Kiswahili chepesi.

(d) Pale wataalamu na fedha ni haba, kipaumbele wapewe wanaoshindwa kula, walio hatarini kuvunja meno na walioacha kuchangamana na wenzao.

Ndugu washiriki, dodoso hujazwa kwa dakika chache na halihitaji mashine. Nawasihi tuanze kulitumia katika kliniki zetu bila kusubiri mradi wala mfadhili.